Injini na Giaboksi za Gari la Ahali: Mwongozo kwa Mnunuzi

Mtu anayekusudia kununua gari kubwa la kuchukulia ahali yake, lile lenye mgongo mrefu na mlango wa nyuma unaofunguka kwa juu, ambalo wengi hulijua kwa jina la steshenwagoni, aghalabu huanza kwa kuuliza injini ina cc ngapi na inakula mafuta kiasi gani, na akisha kujibiwa maswali hayo mawili hudhani amekwisha kujua yote yampasayo. Habari ya giaboksi humjia mwisho, na pengine haimjii kabisa mpaka siku gari litakapogoma njiani. Mwongozo huu unashika njia ya kinyume: unamwomba msomaji aitazame giaboksi kwanza, kisha aitazame injini iliyofungwa nayo, kwa sababu injini iliyochoka humwonya mwenyewe mapema kwa moshi, kwa sauti na kwa kupungua oili, na spea zake hupatikana katika miji mingi, ilhali giaboksi ya otomatiki iliyochoka huweza kwenda vyema mwezi mzima gari likiwa na dereva peke yake, ikaja kukataa siku ile gari lilipojaa watoto, wazee na mizigo, na mlima uko mbele.

Zamani uchaguzi huu haukuwa na mashaka makubwa. Peugeot 504 ya mgongo mrefu, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970 (nazo 504 ziliunganishwa Kenya kwa miaka mingi), iliweza kuwa na safu tatu za viti, gia nne za mkono, na injini ya petroli au dizeli ambayo fundi wa njiani aliweza kuifungua chini ya mti kwa spana chache alizokuwa nazo. Wala si ajabu kwamba magari hayo yalichukua abiria wa masafa marefu kati ya miji ya Kenya kwa muda wa kizazi kizima. Leo meli zinazoshusha magari ya mtumba Dar es Salaam na Mombasa huleta, katika umbo lile lile moja, petroli ya kawaida, petroli yenye tabo, dizeli na haibridi, na kila moja huja na giaboksi ya namna yake. Hata magari mawili ya jina moja na rangi moja, yaliyoegeshwa ubavu kwa ubavu katika yadi, huweza kuwa mbalimbali kabisa chini ya boneti.

Mzigo, mlima na mafuta

Kabla ya kutaja jina la gari lolote, andika katika karatasi mambo matatu: mzigo utakaouchukua, njia utakayoipita, na mafuta utakayoyapata.

Gari la namna hii likiwa tupu huwa na uzito wa kilo 1,500 hivi. Watie humo watu wazima wawili na vijana watatu, pakia masanduku yao, gunia la mchele la kumpelekea bibi na tairi la akiba, nawe utakuwa umeikaribia tani 2. Katika barabara ya tambarare mzigo huo si kitu, kwa maana gari likisha kushika mwendo kazi yake ni kushindana na upepo na msuguano wa magurudumu tu. Lakini mlimani hesabu hubadilika. Mlima unaoinuka mita 8 katika kila mita 100 hulidai gari la tani 2, likienda kilomita 60 kwa saa, kilowati 26 hivi kwa ajili ya kuinua uzito peke yake, kabla hujahesabu upepo, msuguano wala kiyoyozi. Injini ndogo ya lita 1.5 inazo kilowati hizo na zaidi, illa haizitoi mpaka izunguke kwa kasi kubwa, na kuzunguka kwa kasi kubwa kwa muda mrefu ndiko kunakozaa joto, na joto ndilo adui mkuu wa injini na giaboksi pia.

Fauka ya hayo kuna kimo cha nchi. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja katika mia ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa inazidi kuwa nyepesi. Gari lililoonekana jepesi likiendeshwa Mombasa litakuwa limepungukiwa na sehemu 16 au 17 katika mia litakapofika Nairobi, na msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya huikuta hasara hiyo pale pale Kitonga, mahali ambapo barabara hujipinda ukutani mwa mlima nyuma ya malori yanayotambaa, na ambapo kila kuyapita kunadai nguvu ya papo kwa papo. Kwa hiyo asiyetoka mjini hana haja ya kununua nguvu za kupanda Kitonga. Na apandaye Kitonga mara nne kwa mwaka, gari likiwa limejaa, asijidanganye kwa cc ndogo kwa tamaa ya kuweka akiba ya mafuta, maana injini ndogo inayokamuliwa hunywa mafuta kama ile kubwa na huchakaa kabla yake.

Ama kuhusu mafuta, Japani huuza petroli ya namna mbili, ya kawaida isiyopungua okteni 89 na ya juu isiyopungua okteni 96, na petroli ya kawaida ya vituo vyetu husimama kati ya hizo mbili. Maana yake ni kwamba gari lililoundwa kwa petroli ya kawaida ya Japani halina shida nasi hata kidogo, bali lile lililoundwa kwa petroli ya juu, nalo aghalabu ni lenye tabo au la kifahari, hupunguza nguvu zake lenyewe ili injini isigonge, na likipakiwa mzigo mzito katika joto huweza kugonga hata hivyo. Fungua kifuniko cha tangi usome kibandiko kabla ya kufungua boneti. Dizeli nayo ina jambo lake: mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilishika kipimo cha salfa kisichozidi sehemu 50 katika milioni, na hayo yalikuwa maendeleo makubwa, walakini injini za dizeli za Ulaya za miaka ya karibuni ziliundwa kwa dizeli ya sehemu 10 katika milioni, iliyo desturi huko tangu mwaka 2009.

Mwisho wa karatasi yako andika kodi. Tanzania ushuru wa bidhaa hupanda injini inapovuka cc 1000 na tena inapovuka cc 2000, na gari kuukuu huongezewa ushuru kwa umri wake. Kenya gari lililozidi miaka 8 haliingii kabisa, na cc 1500 ni mpaka wa kuangaliwa. Viwango hubadilika bajeti zinapobadilika, kwa hiyo piga hesabu kwa kikokotoo cha mamlaka ya mapato, TRA au KRA, siku ile ile unayotaka kulipa, wala usitegemee neno la dalali.

Injini

Injini ya petroli isiyo na tabo, ya lita 2 hadi lita 2.5, ndiyo inayowafaa watu wengi. Haina nguvu za kustaajabisha, lakini haina siri: plagi, koili, pampu ya mafuta na rejeta vyote vinajulikana, na fundi wa Iringa huisoma kama fundi wa Nairobi. Katika magari ya Toyota ya mgongo mrefu, 1G-FE ya silinda 6 na lita 2, iliyotiwa katika Mark II Blit ya miaka ya 2002 hadi 2007, ni mfano mwema wa injini tulivu isiyokuwa na ghadhabu, ijapokuwa mlimani hudai subira. Jihadhari usiichanganye na dada zake walio na sindano zinazopulizia petroli ndani ya silinda moja kwa moja, mathalan 1JZ-FSE ya gari lilo hilo na 1AZ-FSE ya Caldina. Hizo zina faida ya mafuta katika karatasi, lakini petroli haipiti tena juu ya valvu za kuingizia hewa na kuziosha, kwa hiyo masizi hujijenga pale mpaka injini inatetemeka ikisimama, na pampu yake ya shinikizo kubwa ni ghali na haichukuani na mafuta machafu.

Wapendao Subaru, yaani Legacy na Outback, wajue wako upande gani wa historia ya kampuni hiyo. Injini za ukoo wa EJ hutumia mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na katika ile ya lita 2.5 mkanda ukikatika gari likiwa mwendoni valvu hugonga pistoni, na gasketi za silinda hedi zina sifa ya kuvuja. Injini za ukoo wa FB zilizofuata zina cheni, na cheni haitaki ila oili safi kwa wakati wake. Kwa sababu hiyo, katika EJ swali la kwanza si kilomita ngapi bali mkanda ulibadilishwa lini. Magereji mengi ya Japani hubandika ndani ya chumba cha injini karatasi yenye tarehe na kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa. Ukiiona, umepata hati, na usipoiona, hesabu ya kuwa haukubadilishwa na uitie gharama hiyo katika bei.

Injini ndogo yenye tabo ni jibu la kisasa kwa kimo na kwa mlima, kwa kuwa tabo hujazia hewa iliyopungua. Levorg ya Subaru yenye lita 1.6, iliyotoka mwaka 2014, hutoa nyutonimita 250 tangu mzunguko wa 1,800 kwa dakika, nguvu ambayo injini ya lita 2.5 isiyo na tabo huitoa kwa shida na kwa mizunguko mingi zaidi, tena hutumia petroli ya kawaida ya Japani; ndugu yake wa lita 2 hutaka petroli ya juu. Lakini tabo huishi kwa oili. Mhimili wake huzunguka kwa kasi isiyo na mfano ndani ya utando mwembamba wa oili, na mwenye gari achelewaye kubadilisha oili, au atiaye oili ya bei rahisi isiyo ya daraja lililoandikwa katika kitabu, anainunua tabo nyingine kwa malipo ya awamu.

Dizeli ndiyo mfalme wa mzigo. Mazda Atenza ya mgongo mrefu, iliyotoka mwaka 2012, inaonyesha tofauti hii kwa uwazi kuliko gari jingine, kwa kuwa mwili ni mmoja: ile ya petroli ya lita 2.5 ina nyutonimita 250 katika mzunguko wa 3,250, na ile ya dizeli ya lita 2.2 ina nyutonimita 420 katika mzunguko wa 2,000. Mlimani, ile ya kwanza itashuka gia mbili na kupiga kelele, na hii ya pili itapanda kana kwamba haijapakiwa. Illa dizeli za sasa zina kichujio cha masizi katika ekzozi, nacho hujisafisha kwa kuchoma masizi gari likienda mwendo wa barabara kuu kwa muda wa dakika 20 hivi bila ya kukatizwa. Gari lipelekalo watoto shule Mikocheni, Dar es Salaam, na kurudi, kilomita nne kwenda na nne kurudi katika foleni, halipati kamwe nafasi hiyo, nacho kichujio huziba, oili huchanganyika na dizeli, na taa ya njano huwaka katika dashibodi. Dizeli za mgongo mrefu zitokazo Uingereza, kama Mercedes-Benz E-Class, Volvo V70 na Passat, ni nyingi kuliko za Japani, na nguvu zake ni za kweli, lakini zikaguliwe chini kwa kutu, maana huko barabara hutiwa chumvi wakati wa baridi. Asiyesafiri masafa marefu angalau kila juma, dizeli ya kisasa si yake.

Haibridi ni kinyume cha dizeli: kasri yake ni mjini. Toyota Prius α, iliyotengenezwa kuanzia 2011 mpaka 2021, na ambayo huweza kuwa na viti 7, hupita katika foleni ikiwa imezima injini na kurudisha katika betri nguvu za kila breki. Katika mlima mrefu, hata hivyo, betri hukauka katika kilomita chache za mwanzo, na baada ya hapo mzigo wote hubaki juu ya injini ya lita 1.8 yenye nguvu za farasi 99 tu. Gari litapanda, lakini kwa kelele na kwa upole. Mnunuzi aulize hali ya betri kwa kipimo cha kompyuta, na akague tundu la kuingizia hewa ya kuipoza betri, ambalo likiziba kwa vumbi na nywele huipika betri kabla ya wakati wake.

Giaboksi

Sasa tumefika kwenye kiini cha maneno. Injini njema iliyofungwa na giaboksi dhaifu ni kama hamali mwenye maungo aliyepewa kamba mbovu: nguvu anazo, mzigo utaanguka.

Giaboksi ya mkono ni nyepesi kutengeneza na haiogopi joto, na klachi yake hubadilishwa katika gereji yoyote kwa siku moja. Aila yenye madereva wawili waliozoea gia za mkono, na iishiyo mbali na mji, isiidharau. Uhaba wake ndio taksiri yake, kwa kuwa magari makubwa ya Japani yenye gia za mkono ni machache, na foleni za Dar es Salaam na Nairobi hugeuza mguu wa kushoto kuwa kibarua.

Otomatiki ya konveta, yaani ile inayopokea nguvu za injini kwa mafuta yanayozunguka ndani ya konveta kisha kuzipitisha katika gia zenye hatua, ndiyo rai ya mwongozo huu kwa watu wengi. Konveta huzidisha nguvu gari linapoondoka, na katika mwendo wa kutosha klachi yake ya ndani hufunga ili mafuta yasipotee. Atenza ya petroli na ya dizeli zote huja na hii, ya gia 6. Giaboksi za ZF za gia 8, zilizoanza mwaka 2009 na kutiwa katika magari makubwa ya BMW na mengineyo, ni miongoni mwa bora duniani. Usisadiki neno la kwamba mafuta yake ni ya maisha: ZF yenyewe hushauri yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, na katika joto letu na foleni zetu aliye na busara hushika kiwango cha chini.

CVT haina gia zenye hatua bali mkanda au cheni ya chuma inayobana kati ya magurudumu mawili yanayopanuka na kusinyaa, na kwa njia hiyo injini hukaa daima katika mzunguko ulio bora kwa mafuta. Mjini ni laini na ya iktisadi. Hatari yake ni kwamba nguvu zote hupita kwa kubana tu, na kubana kunategemea mafuta maalumu yaliyo safi na yasiyochemka. Mzigo mzito katika mlima mrefu, na mafuta ya CVT yaliyobadilishwa na yale ya otomatiki ya kawaida na fundi asiyejua, ndivyo viwili vinavyoiua. Katika Legacy ya miaka ya 2009 hadi 2014, ile ya lita 2.5 isiyo na tabo ina CVT, na ile ya lita 2.5 yenye tabo ilikuja na otomatiki ya konveta ya gia 5. Hapo utaona jinsi jina moja la gari lisivyokuambia neno.

Giaboksi ya klachi mbili hubadilisha gia upesi kuliko jicho, na haipotezi mafuta. Iko ya klachi zilizoloweshwa katika mafuta na iko ya klachi kavu, na tofauti hiyo ni kubwa. Ya Volkswagen ya gia 6 iliyoloweshwa huchukua kazi nzito, ikiwa mafuta yake hubadilishwa kila kilomita 60,000; ya gia 7 iliyo kavu, iliyotiwa katika Passat Variant ya lita 1.4, haikuundwa kwa nguvu zipitazo nyutonimita 250, na kutambaa kwa mita mojamoja katika foleni ya mlimani, gari likiwa limejaa, huzipasha joto klachi zake mpaka zikaanza kutetema. Anayeishi katika foleni aiepuke.

Haibridi za Toyota hazina klachi ya kuungua wala mkanda wa kukatika. Mota mbili na injini huungana kwa gia za sayari zinazoshikana daima, nayo ni miongoni mwa giaboksi zisizosumbua zilizopata kuundwa. Kama nilivyotangulia kusema, udhaifu wake uko katika betri na katika mlima, si katika gia.

Kulikagua gari

Soma kwanza bamba la chuma lililo katika chumba cha injini au katika nguzo ya mlango. Katika Toyota bamba hilo huandika alama za aina ya injini na za giaboksi katika mistari yake. Zinakili, kisha uende kwa wauzaji wa spea, Gerezani ukiwa Dar es Salaam au barabara ya Kirinyaga ukiwa Nairobi, uulize bei ya giaboksi ile ya mtumba na ya pampu, ya sensa na ya mafuta yake, kabla hujatoa senti moja. Wauzaji watatu wakikuambia hawaijui, umekwisha kupata jibu.

Mwombe muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, na ufikapo gusa boneti kwa kiganja. Likiwa baridi, liwashe mwenyewe: moshi mweupe unaodumu na kunusa utamu ni maji ya rejeta yanayoungua, wa buluu ni oili, na mweusi wa dizeli ni nozeli au tabo. Kifuniko cha rejeta kifunguliwe wakati huo wa baridi tu, kamwe si baada ya mwendo.

Kisha liendeshe nusu saa, kwa sababu giaboksi mbovu huficha aibu yake ikiwa baridi. Rudi, simama mahali pa tambarare, kanyaga breki, toa gia kutoka N kwenda D, kisha kwenda R: inapasa ishike katika muda wa sekunde moja hivi, bila ya kishindo. Ikiwa ina kijiti cha kupimia, kichomoe injini ikiwa inaunguruma na gia iko P, udondoshe tone moja katika karatasi nyeupe. Tone la rangi nyekundu au waridi linaloenea taratibu ni salama. La kahawia lenye harufu ya kuungua ni onyo. Na ukiigeuza karatasi juani ukaona vumbi linalometa, hivyo ni vyuma vya ndani yake vinavyosagika, ondoka. Giaboksi isiyo na kijiti ikaguliwe na fundi kwa kuliinua gari, tena kwa kulipwa, maana ukaguzi wa bure ni wa muuzaji.

CVT isikilize kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa, ukiongeza mwendo pole pole. Mtetemo au mlio mwembamba wa kupanda na kushuka ni alama mbaya. Ya klachi mbili ipeleke mahali pa kupandia na uiache itambae yenyewe; ikitetemeka kama mtu mwenye homa, klachi zake zimechoka. Mwisho funga mashine ya kusomea kompyuta ya gari, na uangalie si makosa yaliyopo tu bali pia kama kumbukumbu ilifutwa karibuni. Kompyuta isiyo na historia yoyote ina mtu aliyeisafisha.

Baada ya kununua

Badilisha mafuta ya giaboksi katika mwezi wa kwanza kwa yale hasa yaliyoandikwa kitabuni, kwa kuwa huijui historia yake, na uandike tarehe na kilomita katika daftari linalokaa ndani ya gari. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na gari ni mali. Uteremkapo mlima mrefu na mzigo, usiuache mzigo wote kwa breki: shusha gia hadi ya pili au ya tatu kabla ya kuanza kuteremka, injini ikushike mwendo, na katika haibridi weka B, kwa kuwa betri ikisha kujaa haiwezi tena kupokea nguvu za kuteremka, na B huifanya injini ibebe sehemu ya kazi ya breki.

Hukumu

Aila ya watu watano au sita, iishiyo mjini na kusafiri mikoani mara chache kwa mwaka, itafute petroli isiyo na tabo ya lita 2 hadi 2.5 iliyofungwa na otomatiki ya konveta, na ikubali kulipa mafuta kidogo zaidi kwa ajili ya utulivu wa moyo. Yenye safari ndefu kila juma, pamoja na fundi anayeijua dizeli ya kisasa, ichukue dizeli na konveta. Isiyotoka mjini ichukue haibridi. CVT ichukuliwe na asiyepakia sana na ajuaye mafuta yake. Klachi mbili kavu isichukuliwe na mtu wa foleni. Na ukiwa kati ya magari mawili, moja lenye injini bora na giaboksi ya mashaka, na jingine lenye injini ya wastani na giaboksi iliyothibitika, chukua la pili, ndugu msomaji, na tofauti ya bei iweke akiba kwa ajili ya mafuta ya giaboksi.